Chungu cha saruji kisiwe kaburi la maua

Ndugu msomaji, juma hili natoka kidogo kwenye migomba na kahawa, ambayo ndiyo mazungumzo yetu ya kila siku hapa Nyaishozi, niingie sebuleni. Wasikilizaji waishio mijini wamekuwa wakinitupia swali moja kwa sura mbalimbali. Wanauliza: kwa nini ua lililostawi vizuri ndani ya kopo la rangi au ndoo iliyotoboka, likihamishiwa kwenye chungu kizuri cha saruji hunyong'onyea, majani yakageuka manjano, na baada ya miezi michache likafa? Wapo wanaosema nyumba ina husda. Wapo wanaomlaumu mama anayeuza miche kando ya barabara. Wachache sana ndio wanaokitazama chungu chenyewe.

Basi jibu langu ni kwamba tukitazame chungu. Chungu cha saruji si sawa na chungu cha udongo, wala si sawa na ndoo ya plastiki. Ni jiwe lililotengenezwa na binadamu, na jiwe hilo lina chokaa ndani yake. Mwenye kuijua tabia ya jiwe hilo atakaa na maua yake miaka mingi. Asiyeijua atanunua mche leo, atanunua mwingine baada ya Krismasi, na wa tatu hatanunua tena. Hapo hasara haitakuwa yake peke yake. Kijana anayesubu vyungu amepoteza mteja, na mama mwenye kitalu naye amepoteza mteja. Kazi hii imewapa watu wengi riziki ya halali katika miji yetu, nayo haifai kufa kwa sababu ya jambo linaloweza kuelezwa kwa dakika chache.

Kwanza tuondoe dhana kwamba zege na maua havina udugu. Mfaransa mmoja aitwaye Joseph Monier, ambaye kazi yake ilikuwa bustani, alichoshwa na vyungu vya miti vilivyokuwa vikipasuka au kuoza. Akajaribu kuweka wavu wa chuma ndani ya saruji, na mwaka 1867 akapata hataza ya vyungu hivyo huko Paris. Baadaye mawazo yake yalipanuliwa hadi kwenye matangi, mabomba na madaraja. Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoona nondo zikifungwa kwenye ghorofa mpya hapo Dar es Salaam, Mwanza au Bukoba, kumbuka kwamba mmoja wa waasisi wa ufundi huo alikuwa mtunza bustani aliyetaka chungu kisichovunjika.

Sasa tuje kwenye tabia ya zege. Saruji inapochanganywa na maji haikauki tu kama matope yanavyokauka. Hubadilika, na katika kubadilika huko hutoa chokaa. Chokaa hiyo ndiyo inayomchubua fundi mikono asipovaa glovu. Katika chungu kipya chokaa huyeyuka kidogo kidogo kila unapomwagilia, ikaingia kwenye udongo. Udongo ukizidiwa na chokaa, madini ya chuma yaliyomo hujifunga, na mizizi haiwezi kuyanywa hata kama yamejaa tele. Mmea bila madini ya chuma hauwezi kutengeneza rangi yake ya kijani. Ndiyo maana utaona majani machanga, yale ya juu, yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Ukiiona alama hiyo, usikimbilie kuongeza maji, kwani si kiu. Mmea una njaa ilhali chakula kimejaa mezani.

Kuna watu hutumbukiza misumari yenye kutu kwenye udongo ili kuongeza madini ya chuma. Haisaidii, maana chuma cha kutu nacho kitafungwa na chokaa ile ile. Wengine huchukua majivu ya jikoni, kwa sababu wamewaona wazazi wao wakimwaga majivu kwenye migomba. Shambani majivu yana kazi yake, hasa kwenye udongo wenye uchachu kama ulivyo udongo mwingi wa huku kwetu Karagwe. Lakini ndani ya chungu cha saruji, majivu ni kuongeza chokaa juu ya chokaa. Maganda ya mayai nayo ni hivyo hivyo. Yapeleke bustanini.

Je, chungu kipya kiandaliwe namna gani? Ikiwa unasubu mwenyewe au unamwagiza fundi, mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga safi unatosha, na katikati ya ukuta kuwekwe wavu wa kuku. Ukuta usipungue sentimita tatu. Vile vyungu vinavyotengenezwa kwa kuchovya taulo kuukuu kwenye uji mzito wa saruji vinapendeza macho, lakini vina saruji nyingi na mchanga kidogo, hivyo chokaa yake ni nyingi na ukuta wake ni mwembamba. Vinahitaji kuoshwa kwa muda mrefu zaidi.

Baada ya kusubu, chungu kisianikwe juani. Kifunikwe kwa magunia au majani ya mgomba, kimwagiliwe kila siku kwa muda wa siku saba, kama fundi anavyomwagilia nguzo. Zege hupata nguvu kwa kunywa maji, na mafundi huhesabu siku 28 kabla ya kusema limekomaa. Muda huo wa kusubiri usiupoteze. Baada ya juma la kwanza, ziba tundu la chini, kijaze chungu maji, yaache siku moja au mbili, uyamwage mbali na bustani, kisha ujaze tena. Fanya hivyo kwa majuma mawili au matatu. Mara ya mwisho suuza kwa maji yenye siki kidogo, halafu kwa maji safi. Siki huondoa chokaa ya juu tu, kwa hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya zile siku za kulowesha.

Utajuaje kwamba chungu kimetulia? Hapa sihitaji kukupeleka maabara. Chukua maua makavu ya rozela, yale tunayotengenezea juisi nyekundu, uyachemshe kidogo. Kisha chota maji yaliyolala usiku mmoja ndani ya chungu, uyadondoshee matone ya rozela. Rangi ikibaki nyekundu au ya waridi, hakuna tatizo. Ikigeuka kuwa ya kibuluu au kijani, chokaa bado ingali kali, endelea kulowesha. Watoto wa shule wanaweza kukufanyia jaribio hili, na watajifunza kemia bila viboko.

Kwa mtu asiye na subira, ipo njia ya mkato iliyo halali. Panda ua lako kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa, kisha tumbukiza ndoo hiyo ndani ya chungu cha saruji. Mgeni ataona chungu, mizizi itaona plastiki, na amani itakuwapo. Njia hii pia inakuwezesha kulitoa ua nje likanyeshewe mvua bila kuwaita vijana wanne kukusaidia kubeba.

Nimetaja kubeba, na jambo hili la uzito si la mzaha. Tuchukue chungu cha pembe nne chenye sentimita 40 kila upande, ukuta wake sentimita nne. Zege lake peke yake linakaribia kilo 60. Ukijaza udongo uliolowa, jumla inapita kilo 100. Chungu kimoja cha namna hiyo ni sawa na mifuko miwili ya saruji. Ukivipanga sita kwenye baraza ya ghorofani, umepandisha zaidi ya nusu tani mahali ambapo labda paliwekwa kwa ajili ya viti na kamba ya kuanikia nguo. Waishio ghorofani wawaulize wahandisi au wenye nyumba kwanza, na vyungu vikae karibu na ukuta au juu ya boriti, si katikati wala ukingoni. Kamwe chungu kisiwekwe juu ya ukuta mfupi wa baraza, kwani chini yake hupita watoto.

Chungu kiwe na tundu. Hili sitalibembeleza. Chungu kisicho na tundu chini ni karai la kuzamishia mizizi. Tundu moja lenye upana wa kidole gumba, au mawili, lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa au kigae ili udongo usitoke. Watu wengi wamefundishwa kujaza kokoto chini ya chungu ili maji yachuje. Desturi hii ni kongwe, ila haifanyi kazi inayodhaniwa. Maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto, mpaka udongo uwe umeshiba kabisa. Hivyo badala ya kuyaondoa, kokoto huyapandisha maji karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo mzuri hadi chini, na chungu ukiinue juu ya vipande viwili vya matofali ili hewa ipite.

Udongo huo mzuri ni upi? Chukua sehemu mbili za udongo wa juu wa shambani, sehemu moja ya mboji iliyooza sawasawa, na sehemu moja ya mchanga wa mtoni. Huku Karagwe tuna bahati ya maganda ya kahawa. Yakiozeshwa vizuri pamoja na samadi, ni mboji nzuri sana. Lakini yasitiwe mabichi, maana yanapooza ndani ya chungu hutoa joto na kuinyang'anya mizizi chakula. Mboji ikikomaa huwa nyeusi, huvunjika mkononi, na hunuka kama udongo wa msituni baada ya mvua.

Sasa tuchague mmea. Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, kwa sababu wengi huchagua kwa macho, wakasahau kuuliza mmea wenyewe unapenda nini.

Ipo mimea inayopenda udongo wenye uchachu, na hiyo haitaelewana na zege. Mfano wa kwanza ni ule urujuani mdogo wa Usambara. Ua hili lilitumwa Ulaya na Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, ambako wengi hawajui kwamba asili yake ni milima ya Tanzania na Kenya. Ni ua la sahani ndogo ya udongo, lenye kivuli na unyevu. Usilitie kwenye saruji, na wala usiende kuling'oa msituni, kwani huko limebaki haba. Nunua lililooteshwa kitaluni.

Mfano wa pili ni kahawa yenyewe. Huko ng'ambo watu huweka mbuni ndani ya nyumba kama pambo, na majani yake yanayong'aa yanavutia kweli. Lakini mbuni unataka udongo wenye uchachu, na mkulima yeyote wa Karagwe atakwambia jinsi unavyonuna ukikosa unachokitaka. Ukiutaka sebuleni, utie kwenye ndoo kwanza.

Ipo kwa upande mwingine mimea mivumilivu, nayo mingi ni ya bara hili hili. Upo mmea wa majani marefu yaliyosimama kama panga, yenye mabaka na kingo za manjano, wa jamii ya mkonge-mwitu. Asili yake ni Afrika Magharibi hadi Kongo. Huvumilia kivuli, ukavu, na hata mwenye nyumba aliyesafiri mwezi mzima. Upo ule uitwao zamiokulkasi, wenye vijani vinene vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta. Huu ni wetu kabisa, huota wenyewe mwituni kutoka Kenya, kupitia Tanzania, hadi Afrika Kusini. Wataalamu waliuandika tangu mwaka 1829, lakini ulianza kusambaa duniani wakati bustani za Uholanzi zilipouzalisha kwa wingi kuanzia mwaka 1996. Sasa mtu wa mjini anaununua kwa bei kubwa akidhani umetoka Ulaya. Chini ya udongo una viazi vinavyotunza maji, hivyo ukiumwagilia mara moja kwa majuma matatu umeutosheleza. Pia upo ule mmea mdogo wenye majani membamba ya mistari myeupe, unaoning'iniza watoto wake kando ya chungu. Na upo mshubiri, ukipata dirisha lenye jua.

Lakini wa kwanza katika orodha yangu ni mlamula. Katika mkoa wetu wa Kagera, tangu enzi za mababu, mpaka kati ya kibanja na kibanja huonyeshwa kwa mimea ya jamii ya drasena, na wengi huiita kwa jina hilo la mlamula, jina lenye maana ya uamuzi. Yaani mti huu ndiye mwamuzi kati ya majirani. Wachaga wa Kilimanjaro nao wana isale, ndugu yake wa karibu. Huonyesha mipaka, na mtu aliyekosa huupeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi. Mimea hii ina shina lililonyooka na majani marefu, haiumii haraka kwa chokaa, huridhika na mwanga wa kadiri, na hukaa miaka mingi. Drasena hizi hizi ndizo zinazopamba mabenki na hoteli za Ulaya.

Ndugu msomaji, hapa nakuomba unisikilize vizuri. Unapokuja kusalimia nyumbani Karagwe au Kyerwa, ukauona mlamula umenawiri, usiung'oe kuupeleka mjini. Unachokiona kama pambo, kwa watu wawili ni hati ya ardhi. Wewe utaondoka na basi la alfajiri, nyuma yako utaacha shimo, na shimo hilo linaweza kuwapeleka ndugu wawili kwenye baraza la kijiji, na kutoka hapo mahakamani. Mzee mmoja jirani yangu husema kwamba mlamula hauna mwenyewe mmoja, kwa hiyo hata ruhusa yake haiwezi kutoka kwa mtu mmoja. Ni kweli. Omba wa upande huu na wa upande ule. Nao wakikubali, huhitaji mti mzima. Kata tawi la urefu wa sentimita 20 hadi 30, liache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha lichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Baada ya majuma manne hadi nane litakuwa limetoa mizizi. Mama mti atabaki mahali pake akiendelea kuamua, nawe utakuwa na mtoto wake sebuleni.

Tukishapanda, tuweke wapi? Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna jambo letu ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi. Jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia Aprili hadi Agosti huelekea kaskazini, na kuanzia Novemba hadi Februari huelekea kusini. Hivyo dirisha la kaskazini lililokuwa salama wakati wa Krismasi linaweza kuunguza majani mwezi Juni. Dirisha la mashariki hupata jua laini la asubuhi mwaka wote, na ndilo bora. La magharibi hupata jua kali la alasiri, litundikwe pazia jepesi. Kipimo cha mwanga ni rahisi: ukiweza kusoma gazeti hili mchana mahali hapo bila kuwasha taa wala kukunja uso, mimea mingi niliyoitaja itaishi. Usiposoma vizuri, hapo si pa mmea, weka kinyago.

Kuhusu maji, maua mengi ya ndani hufa kwa kupendwa mno. Asubuhi mama anamwagilia, mchana dada wa kazi, jioni baba akirudi naye anamimina maji yaliyobaki kwenye glasi. Kaya iteue mtu mmoja. Naye kabla ya kumwagilia achomeke kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Kidole kikitoka na unyevu, asubiri. Chungu kikubwa cha zege hudanganya, kwani juu panaweza kukauka huku katikati na chini pangali pamelowa. Wakati wa kumwagilia ukifika, mwagilia hadi maji yatoke chini, kisha acha. Maji hayo yanayotoka husaidia pia kuchukua chokaa na chumvi. Ule ukungu mweupe unaotokea ukutani mwa chungu ndio chumvi hizo. Zisugue kwa brashi kavu.

Maji bora ni ya mvua. Hayana chokaa, na kwa chungu cha saruji hiyo ni dawa. Kinga ndoo mbili tatu wakati wa vuli na masika, uzifunike vizuri. Kwa wasomaji wa Arusha na maeneo ya Meru nina neno la ziada. Maji ya huko yana madini ya floraidi kwa wingi, yale yanayotia rangi meno, na drasena haziyapendi. Ukiona ncha za majani ya mlamula zimekauka na kuwa kahawia huku mmea una maji ya kutosha, badili maji kabla ya kubadili mmea.

Mbolea iwe ya kiasi. Samadi iliyooza ilowekwe kwenye ndoo, maji yake yachujwe na kuongezwa maji mengine hadi yawe na rangi ya chai hafifu. Kikombe kimoja kwa mwezi kwa chungu cha wastani kinatosha. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, barabara zetu za changarawe hutimua vumbi linalolala juu ya majani na kuyazibia mwanga. Yapanguse kwa kitambaa chenye maji. Usipake mafuta ya kupikia ili yang'ae.

Kabla sijamaliza, mambo mawili ya usalama. La kwanza ni kisahani cha chini. Maji yakituama humo kwa juma moja au siku kumi, yai la mbu limeshakuwa mbu anayeruka. Mbu anayependa visahani vya maua ni yule mweusi mwenye madoadoa meupe miguuni, anayeuma mchana, mwenezaji wa homa ya dengi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka dengi ya mwaka 2014 na ile ya mwaka 2019. Mwaga maji ya kisahani kila baada ya siku mbili tatu, na ukisugue, kwa kuwa mayai yake hugandia ukutani na huweza kukaa makavu kwa miezi. Au kijaze mchanga, ili maji yasionekane juu.

La pili ni sumu. Ule mmea wa majani mapana ya kijani yenye madoa meupe, uitwao difenbakia, una utomvu uliojaa fuwele kama sindano. Mtoto akitafuna jani lake, ulimi na koo huvimba, na kupumua kunaweza kuwa taabu. Zamiokulkasi nayo isitafunwe, na mlamula haufai kwa mbwa na paka. Mnyaa wa uani usiuingize ndani kabisa, maziwa yake yakiingia jichoni ni hatari. Nyumba yenye mtoto anayetambaa iweke vyungu mahali asipofikia. Ajali ikitokea, suuza mdomo au jicho kwa maji mengi, usimlazimishe mtoto kutapika, na umwahishe hospitali ukiwa umebeba jani lenyewe ili daktari alione.

Mwisho niseme juu ya sifa za uongo. Wauzaji wengine hudai kwamba chungu kimoja husafisha hewa ya nyumba nzima. Maneno hayo yanatokana na majaribio ya shirika la anga la Marekani, NASA, yaliyotolewa mwaka 1989, ambayo yalifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel walipitia tafiti nyingi za namna hiyo, wakaona kwamba ili ushindane na dirisha lililofunguliwa ungehitaji kati ya mimea kumi na elfu moja kwa kila mita moja ya mraba. Basi fungua dirisha. Na wale wanaoogopa kwamba ua huiba hewa usiku chumbani, wawe na amani: mtu mliyelala naye kitanda kimoja anatumia hewa nyingi zaidi kuliko ua.

Ua halihitaji kusingiziwa udaktari ili lipendwe. Linatosha kuwa kiumbe hai ndani ya kuta nne za mjini, kinachotukumbusha kuwa tunatoka mahali penye udongo. Osha chungu chake chokaa, kipe tundu, kipe maji ya mvua, na kama ni mlamula, uwe umeuomba kwa wenyewe wote wawili. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye migomba.